Kipago Kilichokosekana: Somo la Australia Kuhusu Magemu ya Damu

Jumamosi moja saa tano asubuhi niliingia kwenye banda la gemu pale Magomeni, Dar es Salaam, kumsaka mpwa wangu aliyetumwa mkate akapotelea njiani. Banda lenyewe ni chumba kimoja cha mabati chenye feni moja, televisheni nne na mabenchi yaliyong'arishwa na kaptula za watoto. Kwa shilingi 500 unapewa pedi nusu saa. Televisheni tatu zilikuwa na mpira. Ya nne ilikuwa na Mortal Kombat, na pedi walizishika watoto wawili ambao kwa kuwatazama hawakuwa wamefika darasa la nne. Mmoja akabonyeza vitufe kwa mpangilio aliokwisha kuukariri, na mpiganaji wake akamng'oa mwenzake kichwa pamoja na uti wa mgongo. Benchi zima likalipuka kwa shangwe. Mpwa wangu alikuwa katikati ya washangiliaji, mkate kwapani.

Kasha la gemu lile lilikuwa juu ya rafu, na kwenye kona yake ya chini palikuwa na mraba mwekundu wenye namba 18. Nilimuuliza kijana mwenye banda kama anajua maana ya ile namba. Alilishusha kasha, akaligeuzageuza, akanijibu kwa unyoofu kabisa: "Si mwaka wa toleo, mzee? Kama hii hapa." Akanionyesha kasha la jirani yake: FIFA 18.

Kijana yule ni mchapakazi na hana nia mbaya na mtoto wa mtu. Anajua umeme utaisha saa ngapi, anajua pedi ipi imelegea kitufe, anajua ni watoto gani wakifungwa mabao matano watagoma kulipa. Hiyo alama nyekundu tu ndiyo hakuna aliyewahi kumweleza. Iliwekwa na wataalamu wa Ulaya kwa ajili ya wazazi wa Ulaya, ikasafiri na kasha hadi Magomeni, ikafika bila msomaji.

Nimefundisha sheria ya habari na utangazaji kwa miaka mingi, na kila ninapoigusa mada hii darasani huzuka kambi mbili. Kambi ya kwanza inataka serikali iyapige marufuku magemu yote ya vurugu, tena jana. Kambi ya pili inasema malezi ni ya mzazi, serikali ikae kando, na hakosekani wa kukumbusha kwamba mtoto akililia wembe mpe. Kambi zote mbili huruka hatua moja, na hatua hiyo ndiyo ninayotaka tuitazame leo. Kupanga daraja la umri na kupiga marufuku ni kazi mbili mbalimbali. Nchi inayozichanganya hujikuta inawanyima watu wazima walicho na haki nacho, na papo hapo inawapelekea watoto kile ilichodhani inawakinga nacho. Sisemi hivi kwa kubahatisha. Australia ilifanya hivyo kwa karibu miaka 20, na kumbukumbu zake ziko wazi.

Ngazi iliyokatwa juu

Magemu ya nyumbani yalianza kuzitia hofu serikali za Magharibi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mortal Kombat ilipoingia sebuleni Septemba 1993, na gemu jingine liitwalo Night Trap lilipoanza kuzungumzwa, maseneta wa Marekani waliitisha kikao Desemba mwaka huohuo, wakiongozwa na Joseph Lieberman na Herbert Kohl. Kampuni za Marekani ziliona sheria inakuja, zikaunda chombo chao wenyewe cha kupanga madaraja mwaka 1994. Mpaka leo chombo hicho, ESRB, ni cha kampuni, si cha serikali.

Australia haikuwaachia wafanyabiashara. Sheria yake ya uainishaji wa machapisho, filamu na magemu ya kompyuta ilipitishwa mwaka 1995, ikaanza kazi Januari 1996. Iliweka Bodi ya Uainishaji, na juu yake Bodi ya Mapitio ya kupokea rufaa. Kila gemu lililotaka kuuzwa dukani lilipaswa kwanza kupewa daraja. Filamu zilikuwa na ngazi kamili: kuanzia za watu wote, kupanda hadi MA15+, ambayo mtoto wa chini ya miaka 15 haipati bila mzazi au mlezi, na juu yake R18+ ya watu wazima peke yao. Magemu yalipewa ngazi hiyohiyo, ila kipago cha juu kabisa hakikuwekwa. Gemu likizidi kiasi cha MA15+, hata kidogo, lilikuwa na sehemu moja tu ya kwenda: kunyimwa daraja. Na gemu lililonyimwa daraja haliuzwi, halikodishwi, halitangazwi.

Sababu zilizotolewa hazikuwa za kipuuzi. Watawala wa wakati ule walisema mtazamaji wa filamu anaangalia mkono wa mtu mwingine ukishika kisu, ilhali mchezaji wa gemu anakishika yeye. Walisema pia kwamba magemu ni vitu vya watoto, kwa hiyo daraja la watu wazima lingekuwa mlango wa kupitishia uchafu. Hoja ya kwanza inastahili heshima hata leo. Ya pili ilizeeka haraka, maana watoto waliocheza mwaka 1990 hawakuacha kucheza walipoota ndevu.

Yaliyotokea chini ya paa hilo

Chukua gemu liitwalo Left 4 Dead 2. Ni watu wanne wanaopigania roho zao katika miji ya kusini mwa Marekani iliyojaa maiti wanaotembea. Silaha zake ni pamoja na bunduki, shoka, msumeno wa mashine na hata kikaango cha jikoni. Septemba 2009 bodi ya Australia ililitazama gemu hilo, ikaona viungo vinavyokatika na vichwa vinavyodondoka, ikalinyima daraja. Kampuni ya Valve ikarudi na toleo jingine. Vichwa havidondoki tena, mikono haikatiki, na maiti akianguka anayeyuka hewani kabla hujamtazama. Toleo hilo lilipata MA15+.

Sasa tulia ulitafakari jambo hilo. Gemu la kuua mamia ya watu kwa shoka lilionekana halifai kwa mtu mzima wa miaka 40 kwa sababu damu ilikuwa nyingi. Damu ilipopanguswa, lilifaa kwa kijana wa miaka 15. Mauaji yalibaki yaleyale, na mkono uliobonyeza kitufe ulibaki uleule. Kilichoondolewa ni matokeo: jeraha, maiti, uzito wa kitendo. Mimi kama mzazi sina hakika kwamba kijana anayeua bila kuona alichokifanya amelindwa zaidi ya yule anayekiona.

Fallout 3 ni mfano wa pili. Ni hadithi ya mtu anayetangatanga kwenye magofu ya Washington baada ya vita vya nyuklia. Mwaka 2008 lilinyimwa daraja. Gemu hilo lina mabomu na bunduki tele, lakini lililoiudhi bodi lilikuwa dawa: mchezaji aliweza kujidunga mofini ili astahimili mapigo, na kanuni zilikataza dawa za kulevya za kweli zitumike kama zawadi au msaada kwa mchezaji. Kampuni ya Bethesda ilibadili jina. Mofini ikaitwa Med-X, si kwa Australia peke yake bali kwa wachezaji wa dunia nzima, kazi yake ikabaki ileile. Gemu likapita. Kibandiko kwenye chupa kilibadilika, chupa ikabaki na dawa yake, na ofisi moja ya Australia ikawa imebadilisha msamiati wa gemu linalochezwa hadi Mombasa.

Mfano wa tatu ndio unaonikosesha usingizi. Mwaka 2003 kampuni ya Rockstar ilitoa Manhunt, gemu la mtu aliyelazimishwa kuua mbele ya kamera, ambamo mchezaji akisubiri zaidi kabla ya kupiga, mauaji huwa ya kikatili zaidi. Uingereza ililipa 18. New Zealand, jirani kabisa wa Australia, ililipiga marufuku Desemba mwaka huohuo. Australia je? Ililipa MA15+. Bodi ilikuwa na machaguo mawili tu, kulizima kabisa au kulibana kwenye kipago cha vijana, na ikachagua kulibana. Likauzwa kihalali kwa vijana wa miaka 15 hadi Bodi ya Mapitio ilipoliondolea daraja mwaka 2004.

Haikuwa bahati mbaya ya mara moja. Grand Theft Auto IV, ambalo Uingereza lilikuwa 18, Australia liliingia kama MA15+. Bodi yoyote ya binadamu wenye akili timamu haitaki kuzima kila kitu. Ikinyimwa kipago cha watu wazima, itashusha. Kwa hiyo nchi iliyojisifu kuwa kali kuliko wenzake ikawa ndiyo inayowauzia vijana wa sekondari magemu ambayo wenzake waliyafungia kwa watu wazima. Ukali wa aina hii ni kama mwenye nyumba aliyekataa kujenga kabati la juu la kuwekea sumu ya panya kwa sababu hataki sumu ndani ya nyumba, halafu sumu ikaishia kwenye rafu ya sukari.

Mtu mmoja, kura moja

Kwa nini haikurekebishwa mapema? Kwa sababu ya utaratibu. Kubadili madaraja kulihitaji ridhaa ya mawaziri wote 9 wa sheria: wa shirikisho, wa majimbo 6 na wa maeneo 2. Mmoja akikataa, imekwama. Na mmoja alikataa kwa miaka: Michael Atkinson, Mwanasheria Mkuu wa jimbo la South Australia kuanzia 2002 hadi 2010.

Ni haki tumsikilize, kwa sababu hoja yake ndiyo hoja ya wazazi wengi wa hapa kwetu. Atkinson alisema kuandika 18 kwenye kasha hakumfungi mtoto mikono. Kaka mkubwa atalinunua, atalileta nyumbani, mdogo wake atalicheza kaka akiwa kazini. Wembe ukishaingia ndani ya nyumba, hujui utashikwa na nani. Nani kati yetu aliyelelewa kwenye nyumba yenye watoto wengi na chumba kimoja cha televisheni atakayesema hoja hiyo haina uzito?

Ina uzito, lakini hailipi deni lake. Kaka mkubwa yuleyule alikuwa tayari anaagiza magemu kutoka ng'ambo au kuyapakua. Mdogo wake alikuwa tayari anayacheza. Tofauti ni kwamba kasha la kuagiza halikuwa na onyo la Australia, na kasha la dukani lilimwambia mama kwamba 15 inatosha. Mama aliyetaka kulea alikuwa amenyang'anywa kifaa chake.

Desemba 2009 serikali ya shirikisho iliomba maoni ya wananchi. Yalipatikana 58,437, na asilimia 98.2 waliunga mkono daraja la R18+. Tusiipokee namba hiyo bila kuipima: wachezaji walihamasishana na maduka ya magemu yalikusanya fomu, kwa hiyo ni sauti ya waliojali kuandika, haiwezi kuhesabiwa kama kura ya nchi nzima. Hata hivyo ilionyesha kwamba wachezaji walikuwa watu wazima wenye kalamu, wenye kodi na wenye watoto wao. Katika uchaguzi wa jimbo wa Machi 2010 kiliundwa hata chama kidogo, Gamers4Croydon, kikasimamisha mgombea dhidi ya Atkinson kwenye jimbo lake la Croydon. Atkinson alishinda kiti chake, kisha akajiuzulu uwaziri.

Baada yake mlango ulifunguka. Waziri wa shirikisho Brendan O'Connor aliipeleka hoja mbele akitumia lugha ya ulinzi wa mtoto: daraja la watu wazima linahitajika ili magemu ya watu wazima yatoke kwenye rafu ya vijana. Hoja hiyo ndiyo iliyowageuza mawaziri waliobaki. Sheria ilipita mwaka 2012, na kuanzia tarehe 1 Januari 2013 kipago kilichokosekana kikawekwa. Left 4 Dead 2 lenye damu yake yote lilirudi mwaka 2014, likapewa R18+. Mwenye miaka 40 akapata chake, na kijana wa 15 akaambiwa asubiri.

Je, magemu yanatengeneza wauaji?

Hapa ndipo mjadala wetu huwaka zaidi, na hapa ndipo pa kusema kwa uangalifu. Chama cha wanasaikolojia cha Marekani, APA, mwaka 2015 kilitoa azimio lililoyahusisha magemu ya vurugu na ukali wa tabia. Mwaka 2020 kililifanyia marekebisho, kikasisitiza kwamba ushahidi hautoshi kuyahusisha na ukatili wa kweli. Uhusiano unaoonekana ni mdogo, na ni wa mambo kama kufokeana na kusukumana.

Utafiti wa mwaka 2019 wa Andrew Przybylski wa Oxford na Netta Weinstein wa Cardiff unatugusa kwa namna ya pekee. Walichukua vijana 1,004 wa Uingereza wa miaka 14 na 15 pamoja na walezi wao. Badala ya kuwauliza vijana kama gemu lao lina vurugu, walitumia madaraja rasmi yaliyowekwa na vyombo vya uainishaji. Hawakuona uhusiano kati ya kucheza magemu ya vurugu na ukali ulioelezwa na walezi.

Mahakama Kuu ya Marekani nayo ililipima jambo hili Juni 2011. California ilikuwa imetunga sheria ya mwaka 2005 kukataza kuuzia watoto magemu ya vurugu. Majaji 7 dhidi ya 2 waliifuta. Antonin Scalia, aliyeandika hukumu, alikumbusha kwamba hata hadithi za watoto za ndugu Grimm zimejaa ukatili, na kwamba jimbo halikuwa limethibitisha madhara liliyoyadai.

Wapo wanaoyasoma haya wakahitimisha kwamba basi daraja halina kazi. Wanakosea, kwa sababu daraja halikuwahi kusimama juu ya mguu huo. Sihitaji kuthibitisha kwamba mtoto wa miaka 8 atakuwa muuaji ndipo niseme asione mtu aking'olewa uti wa mgongo. Inatosha kwamba hajakomaa kulibeba, kwamba usiku ataota, kwamba kuna picha ambazo moyo wa mtoto hauna mahali pa kuziweka.

Na sisi tunalijua hili kuliko tunavyojidhania. Jando na unyago vilikuwa nini kama havikuwa madaraja ya umri? Kungwi alijua yapi ya kumwambia mwari na yapi ya kungojea ndoa. Bibi alijua hadithi ipi ya zimwi ni ya wajukuu wadogo na ipi inangoja wadogo walale. Hakuna aliyeyafuta mafunzo ya unyago kwa sababu watoto hawapaswi kuyasikia. Yaliwekewa umri wake, mahali pake na mwenye kuyasimamia. Uainishaji ni hekima hiyohiyo, na ngazi yenye vipago vyote ndiyo inayouwezesha ufanye kazi.

Kipago kipya hakikumaliza kazi

Ningekuwa ninadanganya kama ningeishia mwaka 2013 na ngoma. Mwaka huohuo wa kwanza, Saints Row IV na State of Decay yalinyimwa daraja. La pili lilinyimwa kwa sababu ya dawa zilizomsaidia mchezaji, na la kwanza dawa zilikuwa sehemu tu ya kosa lake. Mwaka 2019 ikawa zamu ya DayZ, kwa sababu ya bangi iliyowekwa kama kitu cha kumponya mchezaji. Likarekebishwa kwa dunia nzima, kama Fallout 3 miaka 11 nyuma yake. Kanuni ilikuwa ngumu: dawa ya kulevya ikimpa mchezaji faida, basi, hata kama ni gemu la mtu mzima.

Kesi inayofundisha zaidi ni ya Disco Elysium. Ni gemu la maneno kuliko risasi, hadithi ya mpelelezi mlevi aliyeharibika, anayejaribu kuyaunganisha maisha yake huku akichunguza kifo cha mtu. Machi 2021 toleo lake jipya lilinyimwa daraja kwa sababu mpelelezi anatumia pombe na dawa, na vitu hivyo vinampandishia uwezo. Mchapishaji akakata rufaa. Bodi ya Mapitio ililitazama gemu zima, ikaona kwamba ulevi ndani yake una adhabu zake, kwamba hadithi haimsifu mlevi, ikalipa R18+ Mei mwaka huohuo.

Nazisoma kesi hizi mbili pamoja. DayZ lilihukumiwa kwa kitu kilichomo mkobani mwa mchezaji, na Disco Elysium likaokolewa na mtu aliyekaa akasikiliza hadithi hadi mwisho. Tofauti ilikuwa rufaa, na sababu zilizoandikwa ambazo mkata rufaa aliweza kuzishika na kuzijibu. Bodi isiyoandika sababu haina tofauti na mlinzi wa getini anayekuambia tu kwamba leo huingii.

Ujerumani nayo ina la kutuongezea. Gemu la Doom liliwekwa mwaka 1994 kwenye orodha ya vitu vinavyodhuru vijana, likakaa humo hadi 2011, lilipoondolewa kwa sababu macho ya watu yalikuwa yamebadilika. Sheria yao inasema kitu kikikaa kwenye orodha hiyo miaka 25, kinatoka labda kiingizwe upya kwa uamuzi mpya. Marufuku yenye tarehe ya kufa huilazimisha serikali ifikiri mara ya pili.

Na Australia yenyewe imehamisha jicho. Tangu tarehe 22 Septemba 2024, gemu lenye visanduku vya bahati, vile unavyolipia pesa halisi bila kujua utapata nini ndani, haliwezi kupata daraja chini ya M, kipago kilicho chini tu ya MA15+, na lenye kuiga kamari linakwenda moja kwa moja R18+. Kwa miaka 20 walihesabu matone ya damu, na wakati huo wabunifu walikuwa wanawafundisha watoto kubahatisha kwa simu ya mama. Mzazi yeyote wa Nairobi au Dar es Salaam ambaye salio lake liliyeyuka mikononi mwa mtoto wa miaka 10 anajua ninachosema. Damu ya kwenye skrini humtisha mzazi kwa sababu anaiona. Pesa inayotoka kimyakimya haimtishi hadi mwisho wa mwezi.

Turudi nyumbani

Tanzania inayo Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya 1976, na Bodi ya Filamu chini yake. Kenya inayo Sura ya 222 na bodi yake inayopanga filamu katika madaraja ya GE, PG, 16 na 18. Misingi ya sheria hizi iliwekwa kwa ajili ya jumba la sinema, ambamo mkaguzi angeweza kukaa kiti cha mbele akaitazama reli ya filamu kabla ya watu kuingia. Banda la Magomeni lina diski kutoka Ulaya, na watoto haohao wakitoka pale wanaingia kwenye simu, ambamo duka la Google tangu 2015 hutoa alama za umri kwa mfumo wa kimataifa: mtengenezaji anajaza dodoso kuhusu gemu lake, na mashine inampa umri. Kwetu alama hiyo ipo kwenye skrini, kwa herufi ndogo, na haisomwi kama ile ya kwenye kasha.

Nikiulizwa na wenye mamlaka tuanzie wapi, nitasema tusianze na orodha ya marufuku. Marufuku ni rahisi kutangaza na huleta picha nzuri gazetini, ila diski itapita Kariakoo na faili litapita WhatsApp, na kwenye banda litachezwa lilelile bila hata alama ya wageni. Tuanze na ngazi kamili, yenye kipago cha watu wazima, ili bodi isilazimike kuzima au kushusha. Kwa bahati njema kazi kubwa imeshafanywa: magemu mengi yanayofika kwetu yana daraja tayari, kwa hiyo tunahitaji kuyatambua madaraja hayo kisheria na kuyaeleza kwa Kiswahili, kisha nguvu zetu tuziweke kwenye machache yanayogusa mila na maumivu yetu wenyewe.

Pili, leseni ya banda iambatane na ubao mlangoni unaosema umri kwa maneno, na mwenye banda afundishwe nusu siku kabla ya kutozwa faini ya kwanza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, lakini mtoto wa miaka 7 na kijana wa 16 hawali chakula kimoja, na ubao useme hivyo. Tatu, bodi ikikataa gemu iandike kwa nini, iruhusu rufaa, na iweke tarehe ya kulitazama upya. Nne, pesa ipimwe sambamba na damu.

Nilirudi Magomeni wiki iliyofuata, safari hii bila kumtafuta mtu. Nilikaa na yule kijana tukashusha makasha yote, moja baada ya jingine, nikimweleza alama. Kati ya makasha 11, mawili yalikuwa na mraba mwekundu. Akachukua kipande cha gundi ya karatasi na kalamu ya wino mzito, akaandika juu ya yote mawili: WAKUBWA TU. Akayapandisha rafu ya juu.

Mtoto mmoja wa benchi la mbele alikuwa anatufuatilia. Akayasoma maneno yale kwa sauti, akauliza, "Wakubwa kuanzia miaka mingapi, kaka?"

Kijana alinyamaza, akanigeukia mimi. Nilimjibu mtoto kwamba ni 18, naye akaridhika, akarudi kwenye mpira wake. Swali lake lilikuwa la haki, na aliyepaswa kulijibu hakuwa mimi.